Nani amepasuliwa? Barua ya wazi kwa wakuu wa afya wa Haut-Katanga

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jimbo, kwa Mkuu wa Divisheni ya Afya ya Jimbo, na kwa waganga wakurugenzi wa hospitali zote za Lubumbashi zenye chumba cha upasuaji wa uzazi.

Kati ya mwaka 2009 na 2013, akina mama 34,199 walijifungua katika hospitali tano za rufaa za Lubumbashi. Kati yao, 3,643 walipasuliwa. Madaktari wa jiji hili waliopekua rejista hizo, na kuchapisha matokeo mwaka 2017, walipata kiwango cha 10.65 kwa 100.

Anayeisoma namba hiyo peke yake hutulia moyo. Mwaka 1985, wataalamu waliokutana Fortaleza, Brazili, kwa mwito wa Shirika la Afya Duniani, ambalo Kongo linaitwa OMS, walisema hakuna eneo lenye sababu ya kuvuka 10 hadi 15 kwa 100. Mwaka 2015 OMS hiyohiyo ikaeleza kwamba katika ngazi ya nchi au jimbo zima, upasuaji ukishapita 10 kwa 100 hauonekani tena kupunguza vifo vya wazazi na watoto wachanga. Lubumbashi, kwa hesabu ya juujuu, ilikuwa imesimama mahali panapotakiwa.

Ila namba hizo hazipimi kitu kimoja. Ile ya OMS inawahesabu wazazi wote: aliyefika hospitalini Katuba na aliyezalia nyumbani kwenye kijiji cha Mitwaba. Ile ya hospitali tano inawahesabu waliofika mlangoni tu, tena mlango wa hospitali za rufaa, ambako ndiko hupelekwa uzazi uliokwama kwingine. Kwa hospitali za namna hiyo, 10.65 inaweza kuwa haba, maana yake wapo waliokihitaji kisu wakakikosa. Inaweza pia kuwa nyingi kwa wanawake wa aina fulani. Na inaweza kuwa haba na nyingi kwa pamoja, katika wodi moja, usiku mmoja. Namba ya jumla haina ulimi wa kueleza ipi ni ipi.

Wafikiriwe akina mama wawili. Ni wa mfano, lakini mkunga yeyote wa jiji hili amewahi kuwaona. Wa kwanza anatoka Kampemba. Ni mimba yake ya kwanza, wiki 39, mtoto mmoja, kichwa kimetangulia, uchungu umeanza wenyewe usiku. Alfajiri njia imefunguka sentimita 4. Saa chache baadaye bado ni 4, familia ina wasiwasi, zamu inakaribia kubadilishwa, na kwenye fishi linaandikwa neno moja: uchungu hauendelei. Anapasuliwa. Wa pili analetwa kwa pikipiki kutoka upande wa Kasenga. Ni mimba yake ya sita, maji yamepasuka tangu jana, mtoto amelala kikingama na mkono umetangulia. Naye anapasuliwa, kama atawahi.

Mwisho wa mwezi, ripoti inayopanda kutoka hospitali kwenda zoni ya afya, na kutoka zoni kwenda Divisheni, inawataja hivi: sezarieni, mbili.

Wa pili bila kisu angekufa na mtoto wake. Kuhusu wa kwanza, OMS ilishaeleza mwaka 2018 kwamba uchungu wa kasi huhesabiwa kuanzia sentimita 5, na kwamba kabla ya hapo mwanamke asiharakishwe ikiwa yeye na mtoto wako salama. Huenda alihitaji upasuaji kwa sababu ambayo fishi haikuitaja. Huenda alihitaji mkunga wa kumtembeza, kumpa maji na kumshika mkono hadi saa sita mchana. Swali hilo haliwezi hata kuulizwa, kwa sababu ripoti imemchanganya na yule wa Kasenga.

Dawa ya mchanganyiko huo ipo tangu mwaka 2001, na haihitaji mashine. Daktari Michael Robson wa Ireland, aliyekuja baadaye kuiongoza Hospitali ya Taifa ya Uzazi ya Dublin, aliona tatizo la kupanga upasuaji kwa kufuata sababu zinazoandikwa na daktari. Sababu hizo ni maoni. Daktari mmoja ataandika mtoto amechoka, mwingine ataandika nyonga ni nyembamba, wa tatu ataandika yote mawili, na mwanamke ni yuleyule. Robson akaziacha sababu kando na kushika mambo ambayo watu wawili hawawezi kubishana juu yake. Je, amewahi kuzaa? Ana kovu la upasuaji wa nyuma? Mtoto ni mmoja au ni mapacha? Ametanguliza kichwa, makalio, au amelala kikingama? Mimba imefikia wiki 37? Uchungu umeanza wenyewe, umeanzishwa kwa dawa, au mama amepasuliwa kabla haujaanza?

Ni maswali sita. Majibu yake humweka kila mwanamke katika kundi moja kati ya makundi 10, wala hakuna anayeweza kuingia makundi mawili. Mama wa Kampemba ni kundi la 1: uzazi wa kwanza, mtoto mmoja, kichwa, siku zimetimia, uchungu wenyewe. Dada yake mwenye hali hiyohiyo, lakini ambaye uchungu wake umeanzishwa kwa dawa au amepasuliwa kabla ya uchungu, ni kundi la 2. Makundi ya 3 na 4 ni hivyohivyo kwa waliokwisha kuzaa bila kovu. Wenye kovu, mtoto mmoja, kichwa na siku zilizotimia wamekusanywa katika la 5. La 6 na la 7 ni watoto waliotanguliza makalio, la 8 ni mapacha, la 10 ni wale wa mtoto mmoja, kichwa, ambao siku hazijatimia. Mama wa Kasenga yuko la 9, la watoto waliolala kikingama.

Jambo linalosahaulika mara nyingi, na ndilo lenye uzito kuliko yote, ni kwamba wanapangwa wote waliojifungua, waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Asiyewahesabu waliozaa kwa njia ya kawaida hana cha kulinganisha.

OMS ilikagua mifumo ya namna hii ikakuta iko 27 duniani. Mwezi Aprili 2015 ikautangaza huu wa Robson kuwa kipimo cha dunia nzima kwa kila hospitali, na mwaka 2017 ikatoa mwongozo wa kuutumia. Mwongozo huo una werevu ambao mganga yeyote wa zoni ataupenda: majedwali yanajikagua yenyewe. Kundi la 9 lazima lionyeshe upasuaji 100 kwa 100, kwa kuwa mtoto aliyebaki kikingama hazaliwi kwa njia ya kawaida. Hospitali ikileta 80, kuna kosa katika rejista, na kosa hilo limejianika lenyewe bila mkaguzi kutoka Kinshasa. Kundi la 3, la wanawake waliokwisha kuzaa salama na ambao uchungu umewaanza wenyewe, kwa kawaida halipaswi kuvuka upasuaji 3 kwa 100. Katika nchi ambayo uchunguzi wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulikuta mwanamke anazaa wastani wa watoto 6.6, kundi hilo ndilo litakalojaa zaidi kwenye rejista za zoni za afya za jiji hili, za Kenya, za Ruashi na za Kisanga. Hospitali inayowapasua 12 kwa 100 katika kundi la 3 ina jambo la kuwaeleza wenzake. Ile yenye 11 kwa 100 kwa jumla inaweza kuwa inafanya kazi njema kabisa, au vibaya kabisa.

Dar es Salaam walikwisha kuona kinachofichwa na namba ya jumla. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, watafiti wa Tanzania na Uswidi walipanga kwa makundi ya Robson uzazi 137,094 uliofanyika kati ya 2000 na 2011. Kiwango cha upasuaji kilikuwa kimepanda kutoka 19 kwa 100 katika miaka ya mwanzo hadi 49 katika miaka ya mwisho. Maelezo ya haraka yangekuwa kwamba Muhimbili ni hospitali ya rufaa, kwa hiyo inaletewa wagonjwa wagumu zaidi kila mwaka. Makundi yakaonyesha zaidi ya hapo: kisu kilikuwa kimeongezeka hata kwa wanawake wa hatari ndogo, wa mtoto mmoja, kichwa, siku zimetimia, uchungu wenyewe. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Bila makundi, wakuu wa hospitali wangebaki kubishana kuhusu rufaa.

Barua hii haiwashtaki wapasuaji wa Lubumbashi. Wengi wao wanafanya kazi usiku kwa taa ya jenereta, na kuna wanawake maelfu katika jiji hili walio hai kwa sababu ya mikono yao. Tena, tatizo kubwa la Kongo kwa ujumla ni kisu kukosekana: uchunguzi uleule wa 2013 na 2014 ulikuta ni uzazi 5 tu kwa 100 uliofanyika kwa upasuaji nchini kote. Lakini uhaba wa nchi haufuti wingi wa mtaa. Mahali palipo na fedha na chumba cha upasuaji, wanaweza kupasuliwa wasiohitaji, na kilomita chache kutoka hapo anayehitaji akafia njiani. Yote mawili ni madhara, na makundi ya Robson yanayaonyesha kwenye ukurasa mmoja.

Na kuna suala la fedha, ambalo ni heri lizungumzwe waziwazi. Watafiti wa afya ya jamii wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi waliwafuatilia wanawake 1,627 waliojifungua katika vituo 92 vya jiji mwaka 2015. Uzazi wa kawaida usio na matatizo uligharimu dola 45. Upasuaji uligharimu dola 338. Katika hospitali nyingi za nchi hii, sehemu ya malipo ya wafanyakazi hutoka kwenye ada za wagonjwa. Si lazima daktari awe mwovu ili tofauti ya mara saba isukume uamuzi wake kidogo, saa tisa usiku, pale ambapo hali haiko wazi. Kwa familia, tofauti hiyo ni kuuza baiskeli, cherehani au kiwanja, na wengine baada ya kuuza bado hubaki hospitalini na kichanga wakisubiri deni lilipwe. Mwanamke anayebeba deni la namna hiyo anastahili angalau uhakika kwamba kuna mtu, mahali fulani, anayechunguza iwapo wanawake wa hali kama yake wanapasuliwa kupita kiasi.

Septemba 2023 Rais alizindua Kinshasa mpango wa uzazi bila malipo. Popote ambapo serikali inalipa badala ya mama, haja ya makundi haipungui, inaongezeka. Mfuko unaolipia upasuaji bila kujua ni wa kundi gani unalipa ukiwa umefumba macho, na bei yenyewe inaweza kuongeza visu pale ambapo havikuhitajika.

Upasuaji wenyewe si jambo geni katika upande huu wa Afrika. Mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin aliushuhudia Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo. Mganga wa huko aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, akampa pombe hiyo pia kumlegeza, akapasua, akamtoa mtoto, akalifunga jeraha kwa sindano za chuma na kulipaka dawa ya mizizi. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Felkin aliandika pia kwamba mama huyo alikuwa na miaka kama 20, na kwamba ilikuwa mimba yake ya kwanza. Kuhusu mwanamke mmoja wa Bunyoro, zaidi ya miaka 140 iliyopita, msomaji anajua kama alikuwa amewahi kuzaa. Kuhusu wanawake wanaohesabiwa kila mwezi kwa jina la sezarieni Haut-Katanga, namba ya jumla haimwambii msomaji hata hilo.

Nalo ni jambo la kufa na kupona, kwa sababu ya kovu.

Upasuaji wa kwanza hauishi siku nyuzi zinapotolewa. Mwanamke wa Lubumbashi aliyepasuliwa katika mimba ya kwanza, katika nchi ya uzazi mwingi, anaelekea kubeba mimba ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara kovu liko ndani. Kovu la mlalo, chini ya mfuko wa uzazi, likipitia uchungu hupasuka kwa takriban mwanamke 1 kati ya 200, na hapo panahitajika chumba cha upasuaji kilicho tayari na damu ya kuongeza. Kovu la wima, juu ya mfuko, ni hatari zaidi sana, na mwenye nalo haruhusiwi kusubiri uchungu. Kadiri makovu yanavyoongezeka, ndivyo kondo la nyuma linavyoweza kujishikiza juu yake na kukataa kutoka, na mama kuvuja damu hadi kufa. Utafiti uliofanywa katika hospitali za nchi 22 za Afrika, na kuchapishwa mwaka 2019, ulikuta akina mama wapatao 5 kati ya kila 1,000 waliopasuliwa walikufa, kiwango kama mara 50 ya kile cha nchi tajiri.

Sasa mama huyo anahama. Mume amepata kazi Fungurume, au maisha ya jiji yamewashinda wakarudi Pweto, pembeni mwa ziwa Mweru. Mimba inafika miezi tisa, na muuguzi wa kituo cha afya anaona mstari tumboni. Mstari wa ngozi haumwambii kitu: ngozi inaweza kupasuliwa kwa mlalo na mfuko kwa wima. Anauliza karatasi. Hakuna karatasi. Hospitali inayofuata iko mbali na barabara ni ya vumbi. Kila upasuaji wa kundi la 1 unaofanyika leo jijini bila sababu ya kutosha unamtengeneza mwanamke huyu wa kundi la 5 wa kesho kijijini. Kwa hiyo wanaosoma majedwali ya Robson huanza na makundi ya mwanzo: hapo ndipo kovu la kwanza huzaliwa, na hapo ndipo linaweza kuepukwa.

Waheshimiwa wanaombwa nini, basi? Ombi la kwanza ni safu moja katika rejista ya chumba cha kuzalia, kila hospitali inayopasua, ya serikali, ya kanisa, ya kampuni na ya mtu binafsi: namba ya kundi, 1 hadi 10, ijazwe na mkunga mara tu mtoto anapozaliwa. Mkunga, kwa sababu yeye ndiye aliyempokea mama na ndiye anayejua kama uchungu ulianza wenyewe. Kazi hiyo haimalizi dakika moja kwa aliyeizoea, na maswali sita yanaweza kubandikwa ukutani kwa Kifaransa na kwa Kiswahili cha hapa.

Pili, mwisho wa mwezi hospitali itoe jedwali lenye mambo matatu kwa kila kundi: ni wanawake wangapi, wangapi wamepasuliwa, na kundi hilo limechangia kiasi gani katika upasuaji wote. Pembeni yake ziwekwe hesabu za mama waliokufa na watoto waliokufa, kwa kundi, kwa sababu kupunguza visu huku watoto wakifa si ushindi wa mtu yeyote. Wale walioshindikana kupangwa wasifichwe. Waandikwe kama walivyo, kwani wingi wao ni kipimo cha uzembe wa rejista.

Tatu, jedwali hilo lijadiliwe, na hapa ndipo barua hii inasisitiza zaidi. Takwimu inayopanda juu bila kurudi chini huwachosha walioiandika. Waganga wa zoni 11 za jiji, kutoka Tshamilemba hadi Mumbunda, wakae mara moja kila miezi mitatu na wakuu wa wodi za uzazi na wakunga wao, majedwali mezani, bila vitisho, na waulizane: kwa nini kundi la 3 kwako ni 9 na kwangu ni 3? Pengine jibu litakuwa ni dawa ya kuongeza uchungu inayotolewa kupita kiasi. Pengine ni ukosefu wa mkunga wa usiku. Pengine ni partogramu, chati ya maendeleo ya uchungu, inayojazwa asubuhi, baada ya kila kitu kwisha. Mfumo wa Robson hautoi majibu hayo wala hausemi upasuaji fulani ulikuwa sahihi au la. Unaonyesha mlango wa kugonga.

Yapo mapingamizi ya haki. Kubwa ni la wiki za mimba: wanawake wengi huja kliniki wakiwa wamechelewa, tarehe ya hedhi ya mwisho imesahaulika, na picha ya ultrasaundi ya mapema ni ya wenye fedha. Kundi la 10 kwa hiyo litakuwa na makosa. Pale wiki zisipojulikana kabisa, uzito wa mtoto unaweza kushika nafasi yake, gramu 2,500 zikiwa mpaka, mradi hospitali zote zikubaliane kufanya hivyo na ziliandike hilo chini ya jedwali. Makundi mengine tisa hayana sababu ya kusubiri hadi la 10 linyooke. Pingamizi la pili, kwamba wakunga wamelemewa na karatasi, ni kweli tupu, na jawabu lake ni kuondoa fomu mbili zisizosomwa na mtu kabla ya kuongeza safu hii.

Tafiti za Chuo Kikuu zimefanya sehemu yake, na bila wasomi hao hata 3,643 isingejulikana. Lakini tafiti huja na fedha ya mradi na huondoka nayo. Rejista hubaki.

Ombi la mwisho ni dogo na halihitaji mkutano. Kila mama anayetoka wodini baada ya kupasuliwa apewe kadi ngumu, isiyolowa upesi, ya kuweka pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto. Iandikwe tarehe, hospitali, kundi alilokuwamo, sababu ya upasuaji, na mfuko wa uzazi ulipasuliwa kwa mlalo au kwa wima. Mganga aliyepasua aijaze kabla ya kumaliza zamu hiyo, na mkunga amsomee mama kwa lugha anayoielewa, ili hata kadi ikipotea njiani kuelekea Pweto, mwenyewe aweze kumwambia muuguzi atakayempokea ni kovu la aina gani alilobeba.